KITUNGUU: NANI ANAKULA FAIDA YAKE?

Na Mwandishi Wetu

Katika nyumba ya mfanyakazi nyama yaweza kukosekana wiki nzima, na mafuta yaweza kupimwa kwa kijiko, lakini kitunguu kitatafutwa. Ndiyo maana zao hili halikosi mnunuzi. Na ndiyo maana kila mara utasikia, katika nyumba za kambi na kwenye lango la kiwanda, kwamba fulani ameacha kazi akaenda kulima vitunguu na sasa anaezeka nyumba kwa bati. Habari za yule aliyepoteza kila kitu hazisikiki sana, kwa kuwa mwenyewe hapendi kuzisimulia.

Huku Uganda mazungumzo haya yana uzito wake. Sheria ya mfuko wa NSSF ilirekebishwa mwaka 2022. Tangu hapo mwanachama aliyefikisha umri wa miaka 45, na aliyechangia kwa miaka 10, anaweza kuchukua sehemu isiyozidi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Fedha hiyo ni jasho la miaka mingi. Haifai kufukiwa ardhini kwa sababu ya habari za kusikia.

Kwa hiyo katika ukurasa huu wa nchi jirani tunatazama Tanzania, ambako kitunguu chekundu ni zao la biashara lililozoeleka. Tuone kinalimwaje, gharama yake iko wapi, na ni nani hasa anayekula faida.

BONDE LA MANG'OLA

Ukitoka mji wa Karatu, mkoani Arusha, ukateremka kuelekea Ziwa Eyasi, unaingia katika nchi ya joto na vumbi. Mvua yake ni haba, na maji ya ziwa lenyewe ni ya chumvi. Mgeni hawezi kudhani kwamba hapo pana kilimo. Lakini mvua inayonyesha juu, katika misitu ya milima ya Ngorongoro na Oldeani, huzama ardhini na kububujika huku chini kama chemchemi za maji matamu. Maji hayo yakaongozwa kwa mifereji, na sehemu ya bonde ikageuka kijani. Hapo ndipo Mang'ola, ambako jina lake sokoni limekuwa kama jina la kitunguu chenyewe.

Wenyeji wa tangu zamani wa bonde hilo ni Wahadzabe, ambao ni watu wa kuwinda na kurina asali, na Wadatoga, ambao ni wafugaji. Wapo pia Wairaqw, na pamoja nao watu wa makabila mengi waliofuata maji na kazi. Vitunguu vyao hupakiwa kwenye malori hadi Arusha, na vingine huvuka mpaka wa Namanga hadi masoko ya Nairobi.

Mang'ola si peke yake. Mkoa wa Singida nao una sifa ya vitunguu, na msafiri wa barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hawezi kupita Ruaha Mbuyuni bila kuona magunia mekundu yamepangwa kando ya njia. Lakini tunaichagua Mang'ola kwa sababu kilimo chake chote kinategemea maji ya mfereji, na mahali penye mfereji mambo ya zao hili huonekana wazi, mazuri na mabaya.

MICHE LAKI MOJA NA NUSU

Mtu aliyezoea kulima kitunguu cha mboga nyuma ya nyumba hupata mshangao akilima ekari moja. Si kazi ileile iliyoongezwa ukubwa. Ni kazi nyingine.

Kwanza ni mbegu. Kitunguu huanza kutunga kulingana na urefu wa mchana. Kwetu karibu na Ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo mbegu za nchi za baridi, zilizozoea mchana mrefu wa kiangazi cha huko, hutoa majani tu bila kitunguu. Wakulima wa Tanzania hupendelea aina nyekundu kama Red Bombay na Red Creole, ambazo hustahimili kuwekwa, na siku hizi baadhi hununua mbegu chotara kwa bei kubwa. Aidha, mbegu ya kitunguu huzeeka upesi. Ikipita mwaka mmoja mahali pa joto, nyingi huwa zimekufa. Asiyejua hununua mbegu ya bei nafuu, akapoteza msimu.

Kwa ekari moja huhitajika kilo moja hadi kilo moja na nusu ya mbegu. Huoteshwa kwenye kitalu, na miche hukaa humo wiki 6 hadi 8, mpaka iwe na unene wa penseli. Kisha huhamishiwa shambani, katika majaruba yaliyosawazishwa ili maji yasituame upande mmoja.

Hapa tufanye hesabu. Nafasi inayopendekezwa ni kama sentimita 10 kati ya mche na mche, na sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Ukiondoa njia na mifereji, ekari moja huchukua miche 150,000 hivi. Kila mche hung'olewa kitaluni kwa mkono, hupelekwa jarubani, na hupandikizwa kwa mkono wa mtu aliyeinama. Hakuna mashine katika bonde lile inayofanya kazi hiyo. Kila kitunguu unachokikata jikoni kimewahi kushikwa na kidole cha kibarua zaidi ya mara moja.

Na kila kitunguu kikifikia uzito wa gramu 60, ekari hiyo itatoa kilo 9,000, yaani magunia 90 ya kilo 100. Hayo ni mavuno ya mkulima hodari mwenye maji. Wengi hupata pungufu ya hapo, na aliyekosa maji katikati ya msimu aweza asifikishe hata nusu yake.

MAJI, MAGUGU NA DAWA

Mizizi ya kitunguu ni mifupi. Haiwezi kufuata maji chini sana kama mizizi ya mtama. Kwa sababu hiyo shamba hunyweshwa mara kwa mara kwa kiasi kidogo, na zamu ya maji ikikosekana kwa siku nyingi kitunguu hudumaa. Mahali pa mfereji, maji ni zamu, na zamu ni siasa. Kila pampu inayofungwa juu ya mfereji hupunguza maji ya aliye chini, na aliye chini kabisa mara nyingi ni mtu asiye na sauti. Mfugaji anayeleta ng'ombe kunywa naye huikuta njia ya zamani imekuwa jaruba la mtu.

Majani ya kitunguu ni membamba, hayawezi kufunika ardhi na kuzuia magugu. Hivyo palizi hufanyika mara mbili au tatu, kwa mkono au kijembe kidogo, maana jembe kubwa hukata mizizi.

Halafu wadudu. Adui mkubwa ni vithiripi, vidudu vidogo kama chawa, vinavyojificha penye maungio ya majani na kufyonza utomvu mpaka jani ligeuke rangi ya fedha. Huzidi wakati wa ukame. Wakati wa unyevu huja magonjwa ya ukungu: baka la zambarau na ubwirivinyoya. Dawa ya kwanza ni kutolima vitunguu au vitunguu saumu mahali palepale kila msimu. Shamba lipumzishwe kwa mahindi au maharage, ikiwezekana kwa miaka mitatu. Lakini aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hana habari na miaka mitatu. Yeye hunyunyiza dawa.

Hapo pana jambo letu wafanyakazi. Anayebeba bomba la dawa mgongoni mara nyingi ni kijana anayelipwa kwa idadi ya mabomba. Akivaa glavu, buti na kitambaa cha uso atachelewa, na akichelewa atapata kidogo. Kwa hiyo hunyunyiza miguu mitupu, akala kwa mikono hiyohiyo. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo, na unawahesabu vibarua wa msimu kuwa ni wafanyakazi wanaostahili kinga ileile wanayopata wafanyakazi wa kudumu. Kibarua wa vitunguu ni mfanyakazi mwenzetu, hata kama hana kadi wala namba ya kazi.

KUVUNA SI MWISHO WA KAZI

Kitunguu hukaa shambani miezi mitatu hadi minne tangu kupandikizwa. Kikikomaa, shingo hulegea na majani huanguka yenyewe. Nusu ya shamba au zaidi ikishaanguka, ni wakati wa kuvuna. Maji yawe yamefungwa wiki mbili au tatu kabla. Mkulima mwenye tamaa huendelea kumwagilia, na pengine kuongeza mbolea ya chumvichumvi mwishoni, ili kitunguu kinenepe. Kitanenepa kweli, lakini kitakuwa na shingo nene isiyokauka, na kitaoza.

Kikishang'olewa hakina budi kukaushwa kivulini penye upepo, mpaka ganda la nje lilie kama karatasi na shingo ifunge. Ndipo majani hukatwa, na kuachwa shingo ya sentimita 2 au 3. Kitunguu kilichokaushwa hivyo, kikawekwa juu ya vichanja katika kibanda kinachopitisha hewa, huweza kukaa miezi miwili, mitatu, hata zaidi. Kilichofungwa kibichi kwenye gunia huanza kunuka kabla ya wiki chache kupita.

Mkulima wengi huuona ukaushaji kuwa ni jambo dogo la usafi wa zao. Sivyo. Hapo ndipo bei inapoamuliwa. Vitunguu vya bonde zima vinapokomaa pamoja, bei huanguka. Mvua kubwa zinapokuja na vitunguu vya mashamba ya mvua kuoza, bei hupanda. Mwenye kibanda na vitunguu vikavu anaweza kumwambia mnunuzi, "Rudi mwezi ujao." Mwenye rundo bichi chini ya jua, na deni dukani, hana la kusema. Atakubali lolote.

FEDHA YA NANI, JASHO LA NANI

Walio wengi wanaolima hawana fedha ya kutosha kwa msimu mzima. Mbegu, kukodi shamba, mafuta ya pampu, mbolea, dawa, vibarua wa kupandikiza, vibarua wa palizi, vibarua wa kuvuna: vyote hulipwa kabla ya senti moja kuingia. Kwa hiyo huja mtu wa mjini mwenye fedha, akaingia ubia na mtu wa kijijini mwenye nguvu. Mmoja hutoa mtaji, mwingine hutoa jasho. Wakiuza, gharama hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa.

Kwa maneno ubia huu ni wa haki. Lakini anayeandika gharama ni nani? Mara nyingi ni mwenye fedha, katika daftari lake. Bei ikiwa nzuri wote hucheka. Bei ikianguka, gharama hula kila kitu, na mwenye jasho aliyekesha kwenye mfereji miezi minne huondoka mikono mitupu, pengine akiwa na deni la chakula alichokopeshwa.

Mfanyakazi anayetaka kuingiza akiba yake huko ajue kwamba anaweza kujikuta upande wowote kati ya hizo mbili. Yuko kiwandani, hawezi kuwa shambani. Atamtuma ndugu au rafiki. Basi yeye atakuwa ndiye mwenye fedha, na huko shambani atakuwepo mwingine anayeamka usiku kwa zamu ya maji. Tusiwafanyie wenzetu yale tunayoyalalamikia kwa waajiri wetu. Mapatano yaandikwe, daftari liwe mbili, na mwenye jasho apate posho yake ya chakula ambayo haihesabiwi kuwa deni.

GUNIA LENYE KILEMBA

Sasa tufike mahali faida inapopotelea. Huko Tanzania huitwa lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezwa kipande cha wavu au gunia jingine juu yake, likashonwa kama kilemba. Linaitwa gunia moja, na hulipwa bei ya gunia moja.

Tuseme yule mkulima wetu amevuna kilo 9,000. Akifunga kwa kilo 100, ana magunia 90. Mnunuzi akitaka lumbesa ya kilo 130, mavuno yaleyale yatatoa magunia 69. Bei ya gunia haikubadilika hata kidogo, lakini magunia 21 yamekwenda bure. Hakuna mwizi aliyeingia usiku. Yamechukuliwa mchana, mbele ya mwenyewe, tena yeye ndiye aliyesaidia kushona.

Na mnunuzi huyo akifika mjini hauzi kwa lumbesa. Huuza kwa kilo. Kijijini hutumia gunia, mjini hutumia mizani. Katikati ya vipimo hivyo viwili ndimo faida inamolala.

Sheria ya Vipimo ya Tanzania inakataza jambo hili. Mazao hayatakiwi kufungwa kwa uzito unaozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepewa kazi ya kusimamia. Lakini sheria huishi pale penye mtu wa kuidai. Mkulima mmoja akisema "Mimi napima," lori litasogea hatua kumi hadi kwa jirani yake ambaye hapimi. Ndipo naye huona afadhali kushona kilemba kuliko vitunguu vyake kuoza.

MGONGO WA MCHUKUZI

Mkulima si peke yake anayeumizwa na gunia hilo. Kibarua wa kujaza hulipwa kwa gunia. Gunia likinenepa, kazi yake imeongezwa bila ujira kuongezwa. Kisha yupo mchukuzi, anayelibeba mgongoni kutoka shambani hadi barabarani, akapanda nalo ubao mpaka juu ya lori. Naye hulipwa kwa gunia. Akibeba kilo 130 amebeba uzito wa watu wazima wawili.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 Mkataba namba 127 juu ya uzito wa mizigo. Unasema mfanyakazi asitakiwe wala asiruhusiwe kubeba mzigo ambao kwa uzito wake waweza kuhatarisha afya au usalama wake. Pendekezo namba 128 la mwaka huohuo linataja kiasi chenyewe: kilo 55 kwa mwanamume mzima. Lumbesa ya kilo 130 ni zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Hata gunia halali la kilo 100 limekipita.

Nchini Kenya kanuni za mwaka 2019 za zao la viazi mviringo ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia. Kuzitekeleza kuna matatizo yake, lakini njia imeonyeshwa: gunia dogo huokoa mfuko wa mkulima na uti wa mgongo wa mchukuzi kwa wakati mmoja. Mara nyingi mkulima na mchukuzi huonana kama maadui, mmoja akilalamika ujira ni mkubwa, mwingine akilalamika ni mdogo. Kumbe wote wawili wanaonewa na gunia lilelile.

TUFANYE NINI?

Hatusemi kitunguu hakilipi. Kinalipa, na kimesomesha watoto wengi. Tunasema kinamlipa mwenye maji ya uhakika, mwenye uwezo wa kusubiri, na mwenye mizani. Mfanyakazi anayefikiria kuingia katika kilimo hiki, huko Tanzania au kwenye miteremko ya Mlima Elgon hapa Uganda, na azingatie haya.

Kwanza, usiweke akiba yote. Anza na robo ekari msimu mmoja, ujifunze kwa hasara ndogo. Fedha isiyoweza kupotea bila watoto kukosa karo isiingie shambani.

Pili, uliza maji kabla ya kuuliza bei ya kukodi. Uliza zamu ni ya siku ngapi wakati wa kiangazi, na waulize walio chini ya mfereji, siyo mwenye shamba.

Tatu, jenga kibanda cha kukaushia kabla ya kuvuna. Fedha ya miti na nyasi iwe imetengwa tangu siku ya kununua mbegu.

Nne, usiuze peke yako. Wafanyakazi kumi wa kambi moja wenye robo ekari kila mmoja wanaweza kununua mizani moja, kukausha pamoja, na kumwita mnunuzi mmoja. Lori haliwezi kusogea hadi kwa jirani ikiwa jirani naye yumo katika chama.

Tano, mlipe kibarua kwa kipimo kinachojulikana, mpe vifaa vya kujikinga na dawa, na usifunge gunia ambalo wewe mwenyewe usingelibeba.

Na kwa vyama vyetu vya wafanyakazi kuna kazi pia. Makuli wa masokoni, vibarua wa mashamba na wakulima wadogo wapo upande wa pili wa uzio wetu, na mara nyingi ni ndugu zetu wa damu. Dai la gunia la kilo 50 ni dai ambalo mkulima, kibarua na mchukuzi wanaweza kulibeba pamoja. Umoja wa namna hiyo hauanzi kwa hotuba. Waweza kuanza kwa mizani moja iliyotundikwa mtini, mahali ambapo kila mtu anaisoma.